Vumbi, makelele na maji machafu kutoka ujenzi mpya Lubumbashi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila kiangazi, malori ya mchanga yakianza kuingia kwenye kartie (mtaa), maswali ni yale yale. Watu wananiuliza mlangoni, kanisani, hata kwenye foleni ya kinu. Mimi si mwanasheria. Ni mtu anayeandikia majirani barua, na nimeshindwa mara za kutosha kujua nilichokosea: karibu kila mara tulichelewa. Barua iliyofika kabla ya msingi kumwagwa imenisaidia. Iliyofika baada ya ghorofa ya kwanza, hata ikiwa na saini 40, ilisomwa kwa upole na kuwekwa kwenye faili. Mwenye haraka aanze na swali la 4.

## Mambo ya msingi

1. Lupangu (kiwanja) ni yangu, nimeinunua kwa jasho langu. Jirani anauliza ninachojenga kwa nini?

Sheria ya ardhi ya Kongo, ya 20 Julai 1973, inasema ardhi yote ni mali ya Serikali. Ulichonunua ni haki ya kuitumia, na karatasi yako inaonyesha haki hiyo ina mipaka gani. Sheria hiyo hiyo inawapa wenye lupangu zinazopakana haki sawa, na inamkataza kila mmoja kumletea mwenzake usumbufu unaozidi ule wa kawaida wa ujirani.

Mzozo wote uko kwenye hilo neno "kawaida". Harufu ya samaki wanaokaangwa, mtoto anayelia, nyundo saa nne asubuhi: hayo ni maisha, vumilia. Jenereta inayonguruma usiku kucha mita mbili kutoka kitanda chako, au maji ya choo yanayopenya chini ya ukuta, hayo yamepita kipimo.

2. Nina karatasi zote za lupangu. Kibali cha kujenga ni cha nini tena?

Cheti cha usajili kinasema nani ana ardhi. Kibali cha kujenga, kile watu wanakiita permi, kinasema nini kinaweza kusimama juu yake. Ni ofisi mbili tofauti: moja ya ardhi na Kadastre (upimaji wa viwanja), nyingine ya Urbanisme, yaani mipango miji. Kuwa na kimoja hakukupi cha pili, na hapa ndipo wengi wanapodanganywa na mtu wa kati anayesema "papa, karatasi zako ziko safi".

Msingi wa mambo haya ni amri ya 20 Juni 1957 juu ya mipango ya miji, na utaratibu wa kutoa kibali uliandikwa upya katika agizo la waziri la 26 Juni 2013. Jengo likiwa kubwa, faili hupanda ngazi. Jumba la ghorofa nyingi halisainiwi na yule yule anayeshughulikia nyumba ya vyumba vitatu.

Kwa jirani, utamu wa kibali uko kwenye michoro inayoambatana nacho. Mchoro mzuri unaonyesha fosi septiki (shimo la maji ya choo) itachimbwa wapi, maji ya mvua yatatokea upande gani, na mashine zitakaa kona ipi. Mambo hayo matatu ndiyo chanzo cha ugomvi mwingi niliouona, na yote huonekana kwenye karatasi kabla ya kuonekana uani.

3. Uchafuzi na usumbufu ni kitu kimoja?

Hapana. Mashine ikizimwa, usumbufu wa makelele umekwisha. Uchafuzi unabaki baada ya mashine kuondoka: kwenye udongo, kwenye kisima, kifuani. Tofauti hiyo inakuelekeza kwenye ushahidi. Makelele unayaandika saa kwa saa. Udongo na maji unavipeleka maabara.

4. Leo asubuhi lori limemwaga mchanga kwenye lupangu ya jirani. Nifanye nini wiki hii?

Nenda ukasalimie. Si utani. "Jambo papa, hongera kwa kazi," halafu uliza mambo matatu: jengo ni la nini, fosi itakaa wapi, maji ya mvua yataenda wapi. Usianze na sheria. Nusu ya mambo huisha hapo, kwa sababu kusogeza shimo ambalo bado halijachimbwa hakugharimu kitu. Mwaka jana jirani mmoja alisogeza chumba cha jenereta kutoka ukuta wa mashariki hadi karibu na geti baada ya maongezi ya dakika kumi na chupa mbili za maji baridi. Fundi alifuta mstari wa chokaa kwa mguu, akachora mwingine. Basi.

Akikujibu "hayakuhusu", omba kuona kibali. Kwenye chantier (eneo la ujenzi) kubwa tafuta kibao chenye namba ya kibali; kama hakuna kibao, piga picha ya mahali ambapo kingekuwa. Piga pia picha ya ukuta wako, ua wako, mfereji wa mbele na rangi ya maji ya kisima chako, vyote vikiwa bado vizima. Watu wengi husahau picha za "kabla", kisha wanashindwa kuonyesha kwamba ufa ni mpya.

Kabla ya Ijumaa andika barua fupi kwa ofisi ya Urbanisme, nakala kwa bourgmestre, mkuu wa komine (wilaya ya mji). Uliza: je, kuna kibali kwa lupangu namba fulani, avenyu fulani, na kwa matumizi gani? Usilalamike bado, uliza tu. Peleka nakala mbili, moja iachwe, nyingine urudi nayo ikiwa na muhuri wa mapokezi na tarehe. Ile yenye muhuri usimpe mtu yeyote, hata wakili, mpe fotokopi.

## Nani anahusika

5. Niende kwa nani kwanza: shefu wa kartie, komine au mji?

Shefu wa kartie ni wa kwanza kwa adabu, lakini si wa mwisho kwa mamlaka. Kwa sheria ya 7 Oktoba 2008 juu ya maeneo yaliyogatuliwa, mji na komine zina uwezo wao wa kisheria, kartie haina. Kwa hiyo shefu anaweza kusikiliza, kupatanisha, kuja kuona na kuandika alichoona. Hawezi kutoa kibali cha kujenga. Mtu akikuambia "shefu alituruhusu", amekuambia kwamba hana kibali.

Hakikisha pia uko komine ipi. Lubumbashi ina saba: Lubumbashi, Kampemba, Kamalondo, Kenya, Katuba, Ruashi na Annexe. Kwenye mipaka ya Annexe nimeona barua ikizunguka miezi miwili kati ya ofisi mbili, kila moja ikisema avenyu ile ni ya mwenzake.

6. Utafiti wa athari kwa mazingira ni wa migodi peke yake?

Hapana, ingawa hapa kwetu neno hilo tumezoea kulisikia likitajwa pamoja na migodi. Sheria ya 9 Julai 2011 juu ya misingi ya ulinzi wa mazingira inataka mradi wowote unaoweza kuathiri mazingira ufanyiwe utafiti kwanza, pamoja na mpango wa kusimamia athari hizo. Amri ya 2 Agosti 2014 inaeleza taratibu, na shirika la taifa la mazingira, ACE, lilianzishwa kwa amri ya 18 Novemba mwaka huo huo kuzipitia tafiti hizo.

Nyumba yako ya vyumba vitatu haiingii humo. Kiwanda, mtaa mzima wa nyumba mpya au hifadhi kubwa ya mafuta ni jambo lingine. Mradi wa namna hiyo ukija karibu nawe, usikose siku ya kusikiliza wananchi. Nimehudhuria moja ambapo soda zilikuwa nyingi kuliko maswali. Kila mtu alisaini karatasi ya mahudhurio, na baadaye karatasi ile ilisomwa kama orodha ya waliokubali. Ukisaini, andika kando ya jina lako "nimehudhuria", na pingamizi lako ulipeleke kwa barua.

7. Na kinu cha mahindi, gereji, stesheni ya esanse (petroli), depo (ghala) ya madini?

Hizo ni shughuli zinazoweza kuwa hatari, chafu au kero. Zina kanuni zake tangu enzi za ukoloni, na amri ya 29 Mei 2013 ilizipanga upya: nzito zinahitaji kibali cha kuendesha, nyepesi zinatangazwa kwa mamlaka. Kibali hicho ni mbali na cha kujenga. Mtu anaweza kuwa na ruhusa ya kusimamisha ukuta na bati, akakosa ruhusa ya kuweka chini yake matangi ya esanse au magunia ya madini.

Kwa shughuli nzito, majirani huulizwa kabla, katika uchunguzi ambao kwenye makaratasi utaukuta kwa jina la Kilatini, *commodo et incommodo*. Tangazo lake hubandikwa, na mara nyingi mahali ambapo hakuna anayesoma. Nimemwomba kijana mmoja wa avenyu yetu apite kwenye ubao wa komine kila Jumatatu akienda kazini. Kazi ndogo, lakini ndiyo iliyotujulisha juu ya stesheni iliyotaka kukaa kati ya shule na dispansari.

Depo za madini zinahitaji jicho la pekee. Kwa nje ni lupangu ya kawaida yenye ukuta mrefu. Utaitambua kwa malori ya usiku, na kwa unga wa kijani au mweusi unaobaki barabarani mvua ya kwanza isipokuja.

## Hewa na udongo

8. Upepo unaingiaje kwenye mpango wa mji?

Unaingia sana, na mji wetu ni somo lenyewe. Kiyeyushio cha shaba kilianza kuwaka mwaka 1911, na upepo unaotawala hapa hutoka kusini-mashariki. Moshi ukasukumwa miaka na miaka kuelekea kaskazini-magharibi, ukadondosha metali na kuunguza mimea, hadi ikabaki kabari ya ardhi tupu ambayo wanasayansi wanaiita koni ya uchafuzi. Penga Penga iko ndani ya koni hiyo; watafiti wa chuo kikuu chetu wamejaribu huko kuotesha nyasi zinazovumilia shaba ili angalau vumbi litulie.

Kwa hiyo unapotazama mchoro wa jengo jipya, chora mshale wa upepo. Jikoni la kuni, tanuru, mashine ya kuchanganya zege, bomba la jenereta: je, viko upande ambao upepo unatokea, na wewe uko mbele yake? Kama ndiyo, omba visogezwe hata mita kumi. Ofisini sijawahi kuona mtu akikataa kuutazama mshale huo. Labda kwa sababu ni rahisi kuelewa kuliko kifungu cha sheria.

9. Vumbi la chantier haliishi. Naweza kudai nini?

Dai mambo ambayo fundi anaweza kuyafanya leo. Mchanga na udongo vifunikwe turubai. Njia ya malori imwagiwe maji asubuhi na saa nane, wakati upepo unapanda. Mawe na vigae vikatwe kwa maji, kwa sababu vumbi lake laini ndilo linaloshuka mapafuni. Simenti isichanganywe barabarani.

Nyumba ya zamani ikibomolewa kwanza, tazama paa. Shuka za fibrosimenti za miaka hiyo, zile tunaziita eternit, zinaweza kuwa na asbesto. Zisivunjwe kwa nyundo, zisisagwe kuwa kifusi, zisitupwe mtaroni. Zifunguliwe zikiwa zimeloweshwa, nzima nzima, na watoto wawe mbali.

10. Jirani anachoma mabriki ndani ya lupangu yake. Inaruhusiwa?

Hapa kila mtu anajua briki nzuri hutoka kwenye udongo wa kichuguu, na vichuguu vya Lubumbashi ni vikubwa kama nyumba. Zamani mtu alivunja kichuguu chake, akafinyanga, akachoma palepale, akajenga. Mji ukiwa mdogo haikumuumiza mtu.

Siku hizi tanuru la kuni linawaka siku na usiku katikati ya lupangu za watu, na moshi unalala chini kwa sababu asubuhi za Juni na Julai ni baridi. Kwa mawazo yangu, kuchoma kwenye kartie iliyojaa kumepitwa na wakati. Finyanga kwako, kachome nje ya makazi, au nunua mabloki ya simenti. Jirani akikataa, hoja yako ni ile ya swali la 1, na daftari la siku na saa za moshi ndilo shahidi wako.

11. Nataka kununua lupangu karibu na kiwanda cha zamani. Bei ni nzuri. Kuna shida gani?

Bei ni nzuri kwa sababu. Mwaka 2009 watafiti wa Lubumbashi na wenzao wa Ubelgiji walichapisha vipimo vya mkojo wa watu wa Katanga: walioishi chini ya kilomita 3 kutoka migodi au viyeyushio walikuwa na kobalti nyingi sana kuliko walioishi mbali, na watoto walizidi watu wazima. Watoto hucheza chini, na vumbi la ua huingia mdomoni pamoja na mkate.

Kabla ya kulipa, tembelea lupangu mara mbili, moja wakati wa kiangazi na moja baada ya mvua. Udongo usioota hata majani ya mwituni una jambo linalosumbua. Muulize mzee wa avenyu hapo palikuwa nini. Peleka udongo wa juu, ule wa sentimita chache, upimwe shaba, kobalti, risasi na kadmiumu. Gharama yake ni ndogo ukilinganisha na lupangu. Kama umekwisha nunua: funika ua kwa nyasi au zege, deki kwa maji badala ya kufagia kavu, na mchicha uuoteshe kwenye udongo ulioletwa kutoka mbali. Usinunue udongo wa kujazia usiojua asili yake. Nimeona lori likishusha mabaki ya mgodi kama "kifusi kizuri".

## Maji

12. Jirani anachimba fosi karibu na kisima changu. Umbali unaotakiwa ni upi?

Kipimo kinachotumiwa na watu wa afya na misaada duniani ni mita 30 kati ya choo cha shimo na chanzo cha maji, na sakafu ya shimo iwe angalau mita 1.5 juu ya maji ya ardhini.

Sasa pima lupangu yako. Kama ni mita 15 kwa 20, kutoka kona hadi kona ya mbali kuna mita 25 tu. Maana yake, ndani ya lupangu hiyo hakuna namna ya kuweka kisima na choo kwa umbali huo, hata ukiviweka kona zinazotazamana. Na majirani wako wanne wana fosi zao nyuma ya ukuta. Ndiyo sababu jambo hili halitatuliwi lupangu kwa lupangu. Avenyu yetu ilikubaliana vyoo vyote viwe upande wa nyuma na visima upande wa barabara. Ni makubaliano ya mdomo, yaliandikwa kwenye daftari la mama mmoja, na kwa sasa yanafanya kazi kuliko kanuni nyingi zilizopigwa muhuri.

Kama fosi ya jirani bado ni mstari wa chokaa, rudi swali la 4. Kama imechimbwa tayari, dai iwe na sakafu na kuta za zege, isiwe shimo la kunyonya. Maji yako yapime, na hadi hapo yachemshe. Foraji (kisima cha bomba) ndefu husaidia ikiwa tu bomba lake limezibwa vizuri sehemu ya juu; bila hivyo uchafu unashuka kando ya bomba kama kwenye mrija.

13. Mvua ikinyesha, maji ya paa lake yote yanakuja kwangu.

Maji yanayoshuka yenyewe kwa mteremko, aliye chini huyapokea. Maji yaliyokusanywa na mkono wa mtu kwenye paa, bomba na zege ni habari nyingine, na aliyeyakusanya ana kazi ya kuyapeleka mahali pake.

Fanya hesabu mbele yake. Paa la mita za mraba 200, mvua ya milimita 40, si ajabu kwa Januari: ni lita 8,000, yaani bidoni 400 za lita 20 alasiri moja. Muulize kama angekubali umwagie bidoni 400 uani kwake. Kisha zungumzeni mfereji, shimo la kupokea maji, au tangi; maji ya tangi atayatumia kujengea.

14. Wanajenga bondeni kando ya mto. Linatuhusu sisi wa juu?

Ndiyo. Wakijaza bonde kwa kifusi, maji yaliyokuwa yakitawanyika humo yatarudi kwenye mitaro yenu. Na wa chini wanahusika pia: mto Lubumbashi unaingia Kafubu, Kafubu unaingia Luapula, na huko watu wananywa na kuvua. Andikeni pamoja, mitaa ya juu na ya chini kwenye barua moja.

## Makelele

15. Jenereta ya jengo jipya inatunyima usingizi, na umeme unakatika kila siku. Kuna suluhisho?

Hakuna atakayeizima, kwa hiyo usidai hivyo. Dai chumba cha matofali chenye mlango usiotazama kwako, mpira chini ya miguu ya mashine, bomba la moshi lenye kizuia sauti linalopanda juu ya paa, na saa ya kuzima. Andika kwa wiki mbili: tarehe, saa ya kuwaka, saa ya kuzimwa, nani aliamka. Daftari la namna hiyo lilimshinda mmiliki mmoja wa flati aliyekuwa akisema inawaka "saa moja moja tu". Kelele za usiku ni kosa pia, na polisi wanaweza kuitwa. Lakini polisi huondoka na ukuta hubaki, kwa hiyo chumba kwanza.

Moshi wa jenereta ni hatari kuliko sauti yake. Bomba lisielekee dirisha la mtu yeyote, hata la mlinzi.

16. Ilijengwa kama nyumba ya kuishi. Sasa ni baa, au kanisa lenye spika.

Kibali kilitolewa kwa matumizi fulani. Matumizi yakibadilika, jengo halifuati tena karatasi yake, na hilo ndilo swali la kuuliza Urbanisme. Kuhusu kanisa, watu huogopa kuonekana wanapinga sala. Barua yako isitaje dini popote. Taja spika ngapi, zinaelekea wapi, siku gani, hadi saa ngapi.

## Kesi ngumu

17. Jirani amenionyesha kibali, na kiko sawa. Nimeshindwa?

Hujashindwa. Kibali ni ruhusa ya utawala. Hakimwondolei mtu wajibu wa kulipa hasara aliyoisababisha. Kifungu cha 258 cha sheria ya mikataba na wajibu, ya 30 Julai 1888, bado ndicho kinachosomwa mahakamani: anayemsababishia mwenzake hasara kwa kosa lake, airekebishe. Ongeza kanuni ya ujirani ya swali la 1. Ila mzigo wa kuonyesha hasara ni wako, kwa hiyo picha za swali la 4 ndizo utakazobeba.

18. Mimi ni mpangaji tu.

Katiba, kifungu cha 53, inampa kila mtu haki ya mazingira safi na wajibu wa kuyatetea. Haisemi kila mwenye lupangu. Mwambie mwenye nyumba asaini nawe, kwa sababu saini yake ina uzito kwenye mambo ya ukuta na fosi. Akikataa, andika peke yako juu ya afya yako na usingizi wako.

19. Kiwanda kilikuwepo kabla sijajenga. Naweza kulalamika?

Ni vigumu zaidi, na hakimu atakuuliza ulikuja kufanya nini hapo. Lakini kutangulia si ruhusa ya kuongeza. Tanuru la pili, zamu ya usiku, bwawa jipya la maji machafu: hayo ni mapya, nayo unayakuta ukiwa tayari nyumbani.

20. Anayejenga ni mkubwa fulani. Barua zetu hazijibiwi.

Andikeni wengi, na kila barua ipande ngazi moja ikiwa na nakala ya ile isiyojibiwa: komine, mji, mkoa. Msitukane. Msiandike "inasemekana". Msikubali mmoja wenu aitwe peke yake "kuongea". Sisi tulipoteza kesi moja hivyo: yule aliyeitwa alirudi kimya, na mwezi uliofuata lupangu yake ikapata ukuta mpya.

21. Milipuko ya mgodi inapasua kuta. Hilo nalo ni la mipango miji?

Kwa sehemu. Ruashi makazi na shimo la mgodi vimekaa bega kwa bega, na swali la nani aliruhusu nini kusogea karibu na nini ni la mipango. Baruti yenyewe iko chini ya sheria ya migodi ya 2002, iliyorekebishwa 2018, kwa hiyo nakala iende pia ofisi ya migodi.

Ushahidi wake ni rahisi. Paka plasta nyembamba juu ya ufa, upana wa kiganja, uandike tarehe kwa msumari ikiwa mbichi. Plasta ikipasuka, ufa unaendelea. Andika pia saa ya kila mlipuko. Plasta tatu zilizopasuka siku ya milipuko, mbele ya shefu wa kartie aliyesaini, zinasema mengi.

22. Jengo limeachwa nusu. Mashimo yamejaa maji na mbu, mwenyewe yuko Ulaya.

Tafuta ndugu aliyeachiwa funguo, yupo daima. Ikishindikana, watu wa usafi wa komine waombwe waje waone, waandike, na mashimo yafukiwe. Msifukie wenyewe bila karatasi hiyo, maana siku atakaporudi atadai msingi wake.

23. Mimi ndiye ninayejenga, na majirani wamekuja na barua.

Ipokee, isaini, uweke tarehe. Nilipojenga mimi, nilimwaga kokoto juu ya mtaro wa mbele "kwa siku mbili". Zikawa wiki tatu, mvua ya Novemba ikawahi, maji yakarudi kwa mama wa jirani hadi magodoro ya watoto yakaelea. Alikuja na sufuria iliyojaa kokoto zangu, akaiweka mlangoni, akaondoka bila neno. Nilikodi vijana wanne usiku ule ule, tukafungua mtaro kwa taa za simu. Sufuria nilimrudishia asubuhi, na mfuko wa unga ndani yake.